Fuwele za machimbo ya kale: Jiwe lisilojulikana kwao ni jiwe bubu

MWEZI Juni mwaka wa 2020, mchimbaji mdogo wa Merelani, kaskazini mwa Tanzania, Bw Saniniu Laizer, aliiuzia serikali ya nchi yake mawe mawili ya tanzanaiti. La kwanza lilikuwa na uzani wa kilo 9.27, la pili kilo 5.1, na yote mawili yakampa takriban Sh7.74 bilioni za Tanzania.

Wengi wetu tulichokumbuka ni fedha hizo. Hata hivyo, palikuwa na jambo jingine katika habari hiyo lililostahili kutiliwa maanani. Ilielezwa kwamba mawe hayo yangehifadhiwa katika makumbusho badala ya kupasuliwa ili yawe pete na vidani.

Kwa uamuzi huo, Tanzania ilikuwa inaugusa utamaduni mkongwe ambao Afrika Mashariki haijauzoea: kukusanya na kutunza madini ya fuwele yakiwa mazima, jinsi yalivyotoka ardhini, ili yawe ushahidi wa mahali yalikochimbwa. Utamaduni huo ulikomaa katika machimbo ya kale ya Ulaya, ukaenea Amerika, na baadaye ukapata baadhi ya hazina zake kubwa kabisa katika bara letu.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo ilivyoanza, inavyofanywa, na kwa nini inatuhusu sisi tunaoishi karibu na machimbo ambayo bado yana uhai.

FUWELE, KITO NA KIELELEZO

Fuwele ni kitu kigumu ambacho chembe zake ndogo, yaani atomi, zimejipanga kwa utaratibu mmoja unaojirudia pande zote. Utaratibu huo wa ndani ndio unaodhihirika nje. Chumvi ya mawe huumbika mithili ya dadu; kwatsi hutoa nguzo yenye pande sita na ncha kali; garneti aghalabu huwa na nyuso kumi na mbili.

Ili fuwele ikue ikamilike, inahitaji maji ya moto au mvuke uliobeba madini, muda mrefu, na nafasi. Nafasi ndiyo adimu zaidi. Chini ya ardhi mwamba umebanana, na madini mengi hukua yakisongana hadi yakakosa umbo. Ni pale tu palipo na ufa au uwazi ndani ya mwamba ndipo fuwele hupata pa kujinyoosha.

Uwazi wa namna hiyo ndio anaoutafuta mkusanyaji. Bahati mbaya ni kwamba kampuni ya uchimbaji haiutafuti. Kampuni huhesabu tani. Baruti hupasua mwamba, mashine huuponda, na tanuri huuyeyusha. Fuwele iliyochukua mamia ya maelfu ya miaka kuumbika huweza kuwa unga kwa sekunde chache. Kila fuwele nzima iliyomo makumbushoni, basi, ni manusura.

Inafaa pia kutofautisha kito na kielelezo. Kito hukatwa na kusuguliwa, na thamani yake hupimwa kwa rangi, uangavu na karati. Kielelezo hakikatwi. Hupimwa kwa umbo, kwa ncha zisizovunjika, kwa namna fuwele ilivyokaa juu ya jiwe mama lililoizaa, na zaidi ya yote kwa kujulikana kwake. Je, kilitoka mgodi gani, kina gani, mwaka gani?

Swali hilo la mwisho ndilo linaloyafanya machimbo ya kale yawe na heshima ya pekee. Mgodi unapofungwa na kujaa maji, hautatoa kielelezo kingine. Vilivyoko duniani ndivyo hivyo, na kila kimoja kinachovunjika hupunguza hesabu.

FREIBERG: KIPANDE KILICHOZAA ELEMENTI

Mwaka wa 1168 fedha iligunduliwa katika jimbo la Saxony, Ujerumani, mahali ulipokuja kusimama mji wa Freiberg. Uchimbaji uliendelea hapo, kwa kupanda na kushuka, hadi mwaka wa 1969. Hiyo ni miaka 800 ya watu kuteremka katika ardhi ile ile.

Mwaka wa 1765 palianzishwa mjini humo chuo cha uchimbaji madini ambacho kingali kinafundisha hadi leo. Mwalimu wake mashuhuri, Abraham Gottlob Werner, alianza kazi mwaka wa 1775 na kuiendeleza hadi alipofariki mwaka wa 1817. Aliwafunza wanafunzi kuyatambua madini kwa macho na mikono: rangi, mng'ao, ugumu, uzito, na namna yanavyopasuka. Somo kama hilo halifundishiki kwa maneno matupu. Lilihitaji kabati zilizojaa mawe, kila jiwe na kikaratasi chake.

Faida ya kabati hizo ilionekana baada ya karne moja. Mwaka wa 1885, katika mgodi wa Himmelsfürst karibu na Freiberg, yalipatikana madini ya fedha yasiyofanana na yoyote yaliyojulikana. Profesa Albin Weisbach aliyapa jina la argirodaiti, na mwenzake chuoni, Clemens Winkler, akayapima ili ajue yameundwa na nini.

Winkler alikuta fedha na salfa, lakini kila alipojumlisha, hesabu ilimgomea kwenye asilimia 93 hivi. Asilimia saba haikujulikana iliko. Alirudia kazi hiyo kwa miezi kadhaa, na mnamo Februari 1886 akaipata: elementi mpya ambayo hapana mtu aliyewahi kuiona. Aliiita germaniamu. Mwanakemia wa Urusi, Dmitri Mendeleev, alikuwa ametabiri mwaka wa 1871 kwamba elementi ya namna hiyo sharti iwepo.

Lau vipande vile vingetiwa tanurini pamoja na shehena nyingine za fedha, yamkini ugunduzi huo ungechelewa sana. Kilichouwezesha ni tabia iliyokuwa imekwisha kujengeka pale: anayeona jiwe geni hulitenga, na hulipeleka kwa anayejua.

CORNWALL: MWUNGWANA NA DAFTARI LAKE

Rasi ya Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, ilichimbwa bati na shaba kwa karne nyingi. Katika karne ya 18 aliishi huko Philip Rashleigh, mwenye mashamba na mbunge, ambaye alikuwa na shauku ya kununua fuwele zilizotoka katika migodi ya jirani.

Walikuwapo matajiri wengine waliopenda mawe mazuri. Kilichomtofautisha Rashleigh ni kwamba aliandika. Aliweka orodha ya vielelezo vyake, na mwaka wa 1797 na 1802 akachapisha vitabu viwili vyenye picha za rangi za madini ya Uingereza.

Rashleigh alifariki mwaka wa 1811. Mkusanyo wake sasa umo katika makumbusho ya mji wa Truro, na una madini ambayo migodi iliyoyatoa ilifungwa zamani. Mgodi wa mwisho wa bati wa Cornwall, South Crofty, ulifungwa mwaka wa 1998. Mwaka wa 2006 Unesco iliyaingiza machimbo ya eneo hilo katika orodha ya turathi za dunia. Lakini anayetaka kuona yaliyokuwa yakimeta kule chini hana budi kwenda kwenye kabati la Rashleigh.

Norway nayo ina Kongsberg, ambako fedha iligunduliwa mwaka wa 1623 na kuchimbwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Fedha ya huko ilikua kama nyuzi nene zilizojipinda mithili ya pembe za kondoo. Marekani ina Bisbee, katika jimbo la Arizona, mji wa shaba uliochimbwa tangu miaka ya 1880 hadi 1975. Wachimbaji wa Bisbee wanakumbukwa kwa kuficha fuwele za azuraiti za rangi ya samawati ndani ya mikebe yao ya chakula. Isingalikuwa mikebe hiyo, mengi ya mawe hayo yangaliishia tanurini.

TSUMEB: MFALME WA MACHIMBO

Wakusanyaji wengi wakiulizwa ni mgodi gani uliotoa fuwele bora kuliko yote duniani, hawatataja Ulaya wala Amerika. Watataja Tsumeb, kaskazini mwa Namibia.

Pale palikuwa na kilima kilichogeuka kijani kwa wingi wa shaba. Jamii za Kiafrika za eneo hilo ziliichimba na kuiyeyusha shaba hiyo kabla ya wakoloni kufika. Mwaka wa 1900 Wajerumani waliunda kampuni ya Otavi, iliyojulikana kwa ufupi kama OMEG, kwa minajili ya kuichimba, na mwaka wa 1906 reli kutoka pwani ya Swakopmund ikafika mjini humo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mwaka wa 1947, mgodi uliangukia mikononi mwa kampuni nyingine, Tsumeb Corporation. Ulifungwa mwaka wa 1996.

Katika miaka hiyo takriban 90, Tsumeb ilitoa zaidi ya aina 300 za madini. Zaidi ya 70 kati ya hizo zilitambuliwa na sayansi kwa mara ya kwanza kutoka hapo. Machimbo mengi duniani hayafikishi hata robo ya idadi hiyo.

Sababu ya utajiri huo ni ya kijiolojia. Katika mgodi wa kawaida wa shaba, maji ya mvua na hewa hupenya kutoka juu na kuyabadilisha madini ya karibu na uso wa ardhi. Ni katika tabaka hilo ambamo fuwele za rangi huumbika: azuraiti ya samawati, malakaiti ya kijani, serusaiti nyeupe inayong'aa kama almasi. Chini ya tabaka hilo madini hubaki ya kijivu, yasiyovutia macho.

Tsumeb haikufuata desturi hiyo. Maji yalipenya kwa kupitia nyufa hadi kina kikubwa mno, yakaunda matabaka matatu ya fuwele, moja chini ya jingine. Wachimbaji waliopita eneo la rangi na kuingia katika eneo la kijivu walikuja kukuta rangi tena, na baadaye tena, zaidi ya mita 1,000 chini ya ardhi. Aidha, mwamba ule haukuwa na shaba pekee. Ulikuwa pia na risasi, zinki, aseniki, na hata germaniamu ile ile ya Winkler. Mchanganyiko huo ulizaa madini yasiyopatikana kwingine.

Germaniamu hiyo haikuwa pambo tu. Transista ya kwanza, iliyotengenezwa Marekani mwaka wa 1947, ilitumia germaniamu, na Tsumeb ikawa miongoni mwa vyanzo vya elementi hiyo.

Kielelezo kinachosifika zaidi kutoka Tsumeb huenda ni dayoptasi, fuwele ya shaba yenye kijani cha zumaridi, iliyokaa juu ya kalsaiti nyeupe. Ni laini mno kuwa kito cha pete. Lakini kwa mkusanyaji, kipande kizuri kina thamani inayoweza kuzidi ya vito vingi vinavyovaliwa.

MKONO ULIOSAHAULIKA

Vielelezo vya Tsumeb vilitokaje mgodini? Vingine vilichukuliwa rasmi na wakuu wa kampuni na wanajiolojia. Vingine, tena vingi, vilitoka mifukoni mwa wachimbaji.

Waliochimba walikuwa kwa sehemu kubwa vibarua wa mkataba kutoka Ovamboland, kaskazini zaidi. Waliishi katika kambi za wanaume, mbali na wake na watoto wao, kwa mshahara duni. Mfumo huo wa mkataba ndio uliochochea mgomo mkuu uliotikisa Namibia mwishoni mwa 1971 na mwanzoni mwa 1972.

Kwa kibarua wa namna hiyo, fuwele moja iliyofichwa ndani ya nguo iliweza kumpa kitu kidogo cha ziada kutoka kwa mnunuzi wa mjini. Mnunuzi naye aliiuza kwa mwingine, na mwingine kwa mwingine, hadi ikafika Ulaya au Marekani, ikawekwa ndani ya kioo chini ya taa.

Madini kadhaa ya Tsumeb yana majina ya watu. Kegelaiti na stotaiti yanabeba majina ya wakurugenzi wa mgodi, na songeiti jina la mwanajiolojia wake mkuu. Hapana ubaya katika hilo, kwani watu hao walisaidia kuyahifadhi. Lakini mkono uliolitoa jiwe gizani, ukalifunga kwa kitambaa na kuliokoa na tanuri, aghalabu haukuandikwa popote. Vikaratasi vya makumbusho hutaja mgodi, hutaja mfadhili, hutaja mwenye kuuza. Mchimbaji hatajwi.

Hili ni pengo la haki, na ni pengo la elimu pia. Mchimbaji ndiye aliyejua jiwe lilikuwa upande gani wa mwamba, liliandamana na nini, na ni mangapi yaliyovunjika kabla ya moja kupatikana. Asipoulizwa siku hiyo, maarifa hayo hayapatikani tena.

KATANGA: MAWE YA RANGI, MAWE YA HATARI

Kutoka Namibia, ukanda wa shaba wa Afrika ya Kati uko upande wa kaskazini mashariki. Sehemu yake ya Katanga, nchini Kongo, ni eneo ambalo Kiswahili kilienea pamoja na migodi. Kampuni ya Wabelgiji ya Union Minière, iliyoundwa mwaka wa 1906, ilichimba huko hadi ilipotaifishwa katika miaka ya 1960. Lakini kabla yake wenyeji walikuwa wakiyeyusha shaba kwa karne nyingi na kuitengeneza katika umbo la misalaba iliyotumika kama sarafu.

Katanga imewapa wakusanyaji malakaiti ya kijani yenye mistari ya duara. Imewapa pia mawe ya Shinkolobwe, mgodi uliogunduliwa mwaka wa 1915. Humo mlikuwa na madini ya uraniamu ya manjano, ya machungwa na ya kijani yasiyo na kifani kwa uzuri, na mengi yalitambuliwa huko kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1920. Mgodi huo huo ndio uliotoa sehemu kubwa ya uraniamu iliyotumiwa na Marekani kuunda mabomu ya atomiki ya mwaka wa 1945.

Shinkolobwe inafunza tahadhari. Si kila kinachometa ni cha kupakatwa. Madini ya uraniamu hutoa mnururisho na gesi ya radoni, na hayafai kuwekwa chumba cha kulala. Mimetaiti, fuwele ya manjano inayopendwa sana, ina risasi na aseniki. Mawe haya hushikwa kwa hadhari, mikono huoshwa baadaye, na watoto hawapewi wachezee.

JINSI KAZI INAVYOFANYWA

Ukusanyaji wa kweli huanza kwa ruhusa. Mashimo ya kale ni mitego: mbao zilizoshikilia dari zimeoza, hewa ya chini huenda haina oksijeni, na maji yaliyotulia huficha mashimo mengine. Wakusanyaji wengi hawaingii kabisa. Huchakura marundo ya kifusi yaliyoachwa nje, wakiwa na idhini ya mwenye leseni ya eneo.

Vifaa ni vichache: nyundo ya mwanajiolojia, patasi, miwani ya kukinga macho, glavu, na lenzi ndogo ya kukuzia. Kanuni ya kwanza ni kutoigonga fuwele yenyewe. Hugongwa mwamba, mbali na fuwele, ili itoke pamoja na jiwe mama. Fuwele iliyong'olewa kwenye jiwe lake hupoteza sehemu kubwa ya thamani.

Kisha hufungwa kwa karatasi laini, ndipo likaja gazeti juu yake. Vipande vidogo husafiri salama ndani ya trei za mayai.

Usafishaji huhitaji subira. Huanzwa kwa maji na brashi laini, baada ya kuhakikisha kwamba madini yenyewe hayayeyuki majini. Wengi huharibu kwa kukimbilia asidi. Asidi huiondoa kalsaiti iliyofunika fuwele, lakini huyeyusha pia azuraiti na malakaiti. Hata siki ya jikoni inaweza kuziharibu.

Yapo pia madini yasiyovumilia mazingira. Ametisti hupauka ikikaa juani. Prustaiti, madini mekundu ya fedha, hugeuka meusi yakipigwa na mwanga. Realga, madini ya aseniki yenye rangi ya damu, husagika yenyewe kuwa unga wa manjano. Markasaiti huoza penye unyevu, na asidi inayotoka humo hula sanduku na kikaratasi kilichomo. Anayeishi Mombasa au Lamu, kwenye hewa ya chumvi, ana kazi kubwa zaidi ya anayeishi Nanyuki.

Hatua ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Kila kielelezo hupewa nambari, ambayo huandikwa kwa wino juu ya doa dogo la rangi nyeupe mahali pasipoonekana. Nambari hiyo huingizwa daftarini pamoja na jina la madini, jina la mgodi, kijiji, wilaya na nchi, kina kama kinajulikana, tarehe, aliyekichimba, aliyekiuza, na bei. Vikaratasi vya wamiliki wa zamani havitupwi kamwe hata kama vina makosa. Hivyo ndivyo hati za ukoo za jiwe.

SOKO NA HILA ZAKE

Biashara ya vielelezo ina misimu yake. Wauzaji hukutana Tucson, Arizona, kila mwanzo wa mwaka katika maonyesho yaliyoanza 1955. Hukutana pia Munich, Ujerumani, na Sainte-Marie-aux-Mines, Ufaransa, mji ambao wenyewe ulikuwa machimbo ya fedha.

Palipo na fedha hapakosi hila. Fuwele hubandikwa kwa gundi juu ya jiwe lisilo lake. Taa ya mionzi ya urujuanimno husaidia kuifichua gundi, kwa kuwa aghalabu hung'aa tofauti na jiwe. Nyingine hupakwa rangi au hukuzwa maabara.

Hila ngumu zaidi kuitambua ni ya kubadilisha mahali. Jiwe la kawaida kutoka mgodi wa jana hupewa jina la mgodi maarufu uliofungwa, na bei hupanda mara kadhaa. Hakuna mashine ya bei nafuu inayoweza kufichua uongo huo kila mara. Kinga yake ni daftari lililoandikwa kwa uaminifu tangu siku ya kwanza.

NYUMBANI: MERELANI NA TAITA

Tukirejea Merelani, tanzanaiti ilijulikana duniani baada ya mwaka wa 1967. Nyingi ikitoka ardhini huwa na rangi ya hudhurungi, na huwa samawati baada ya kuchomwa kwa nyuzi 500 hadi 600 hivi. Kwa sonara hilo si tatizo. Kwa mkusanyaji, fuwele nzima ambayo haikuguswa na moto, ikiwa na ncha yake na jiwe mama lake, ni kitu cha thamani ya pekee.

Merelani haina tanzanaiti peke yake. Mna fuwele za kijani za tsavoraiti, za diopsaidi, za prenaiti, na hata za grafaiti. Mwaka wa 2016 wanasayansi walitangaza madini mapya kabisa kutoka hapo, wakayaita merelaniaiti. Ni vijiti vyembamba vya kijivu, kama unywele, vilivyopatikana pamoja na tanzanaiti na madini mengine, na ambavyo awali vilidhaniwa kuwa madini ya kawaida ya molibdeni. Mtu anayelenga kito pekee angevipangusa na kuvitupa.

Kwetu Kenya, tsavoraiti ilipatikana Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970 na mwanajiolojia Campbell Bridges, aliyekuwa ameikuta kwanza Tanzania mwaka wa 1967. Ilipewa jina la mbuga ya Tsavo mwaka wa 1974. Bridges aliuawa Agosti 2009 karibu na Voi, kufuatia mzozo kuhusu eneo la machimbo. Tsavoraiti ya Taita aghalabu hutoka ikiwa ndani ya vinundu mfano wa viazi, vilivyojaa nyufa. Kwa hiyo fuwele kamili ni nadra sana, na kwa sababu hiyo hiyo ni ya thamani kubwa kwa wanaojua.

Kwa mchimbaji mwenye njaa, na dalali anayesubiri nje ya shimo, desturi ni moja: vunja, chagua kilicho safi, uza kwa gramu. Hakuna anayestahili kulaumiwa kwa kutaka kula. Lakini mara nyingine anayevunja huwa anaharibu kile ambacho kingemlisha kwa muda mrefu zaidi. Hajui, kwa sababu hapana aliyemwambia. Na hata jiwe likisafiri zima, mara nyingi hufika ng'ambo likiwa limeandikwa jina la nchi tu, bila kijiji wala mgodi. Mwenye Mwatate, Kasigau au Kuranze hatajwi.

Sheria nayo ina la kusema. Kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka wa 2016, madini yote ni mali ya Jamhuri, na kuyachimba, kuyauza au kuyasafirisha nje kunahitaji leseni au kibali. Mkusanyaji si msamaha. Jiwe lililotoka bila karatasi za serikali linaweza kumfikisha mtu mahakamani hata kama nia yake ilikuwa elimu.

Kenya inayo tayari machimbo yaliyokufa. Rosterman, Kakamega, kulichimbwa dhahabu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Macalder, Migori, kulichimbwa shaba na dhahabu hadi miaka ya 1960. Jirani zetu wa Uganda wana Kilembe, ambako uchimbaji mkubwa wa shaba ulisimama mwaka wa 1982. Je, ni shule ngapi katika kaunti hizo zenye kabati moja la mawe yaliyotoka huko, yenye vikaratasi vinavyosomeka?

Kabati la namna hiyo halihitaji mabilioni ya Laizer. Linahitaji mwalimu, daftari, trei za mayai, na makubaliano na wachimbaji wa kijiji kwamba jiwe la ajabu lisipigwe nyundo kabla halijaonyeshwa. Na linahitaji jambo ambalo Freiberg, Cornwall na Tsumeb hawakulifanya vya kutosha: kuandika, chini ya jina la mgodi, jina la aliyelitoa.

Machimbo yote hufikia mwisho. Siku pampu za Taita na Merelani zitakapozimwa na maji kupanda, wajukuu wetu watauliza palikuwa na nini kule chini. Watajibiwa na mawe yaliyosalia, na yatakayoweza kujibu ni yale tu yaliyoandikiwa kwao.